Taco za samaki siku ya kazi

Huku ughaibuni mapishi tumeyaachia wikiendi. Jumamosi na Jumapili nyumba zetu zinanukia pilau, mchuzi wa nazi na mkate wa kumimina, na wageni hawakatiki. Ikifika Jumatatu jioni kila mtu anajitafutia chake: mtoto mmoja anapasha pitsa, mwingine anajimiminia konfleksi na maziwa, mama anafunga viatu awahi shifti ya usiku, baba anakula amesimama karibu na sinki. Tukikutana tunalalamikia lugha na mavazi ya watoto, lakini mimi naona tunawapoteza zaidi hapa. Siku tano katika saba hatuli pamoja.

Nyumbani kwetu kilichotukalisha chini katikati ya wiki ni taco za samaki, chakula cha Kimeksiko cha samaki anayefungwa ndani ya tortilla, yaani kichapati chembamba cha mahindi au cha ngano. Hazizidi nusu saa jikoni, na kwa kuwa zinaliwa zikiwa za moto, hakuna anayesema "niwekeeni yangu nitakuja". Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia samaki wa soko la Deep Sea, na nawaambia wenzangu wa pwani kwamba chakula hiki mtakipokea siku ya kwanza. Samaki, ndimu, pilipili, kachumbari, na unakula kwa mkono.

Tunaishi San Diego, mji wa California unaopakana na Meksiko. Ukivuka mpaka wa San Ysidro uko Tijuana, na ukishika barabara ya pwani kuelekea kusini, baada ya saa moja na nusu hivi unaingia Ensenada. Huko, na San Felipe iliyo upande wa pili wa rasi ya Baja California, ndiko taco za samaki zilikopatia jina. Ensenada kuna soko la samaki kando ya bandari ambalo wenyeji wanaliita Mercado Negro, na vibanda vya jirani vinakaanga papa mdogo au samaki mweupe yeyote aliyeshushwa. Anachovywa kwenye rojo la unga, anatiwa kwenye mafuta ya moto, anawekwa juu ya tortilla ya mahindi na kabichi iliyokatwa nyembamba, mchuzi mweupe wa mayonezi, salsa, yaani mchuzi wa nyanya na pilipili, na ndimu. Upande huu wa mpaka zilienea baada ya Ralph Rubio kufungua kibanda chake Mission Bay, hapa San Diego, mwaka 1983. Alikuwa amezionja San Felipe enzi za uanafunzi wake.

Za kununua ni tamu, lakini ukiwa Mwislamu kuna mambo ya kuuliza kwanza. Rojo la mtindo wa Baja mara nyingi huchanganywa na bia ili liwe jepesi na la kukauka vizuri. Maharage ya kuponda yanayowekwa pembeni, kwa jadi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe, na kuna jiko linalotumia mafuta hayo hayo kwa kila kitu. Samaki mwenyewe hana mjadala, hatuulizi kachinjwa na nani. Ukipika nyumbani maswali yote yanakwisha. Kama unataka zile za rojo, tumia maji baridi yenye gesi badala ya bia, kwa sababu kinachotafutwa ni mapovu. Ila siku ya kazi sipiki za rojo. Kukaanga kwa mafuta mengi kunaacha jiko lote limetapakaa, na usiku wa shule watoto wanatakiwa walale mapema. Siku ya kazi samaki anakaangwa kwa mafuta kidogo, na wala hatuoni tumepungukiwa.

Asubuhi kabla ya kutoka naitoa minofu kwenye friza naishusha kwenye friji. Kwa watu wanne gramu 600 zinatosha. Sato ndiye rahisi na yuko kila duka. Cod ana nyama nene inayofunguka mapande, mzuri sana, ila bei yake imepanda juu. Pesa ikiruhusu nanunua mahi-mahi, ambaye ni yule yule fulusi wetu, mwenye ubavu wa dhahabu unaofifia mara tu anapotolewa majini. Tena Jumamosi asubuhi wavuvi wa hapa wanauza wenyewe gatini, kwenye soko la Tuna Harbor lililoanza mwaka 2014. Pale unampata samaki wa miambani wa huku, rockfish, akiwa mzima, macho yanang'aa, ukimbonyeza nyama inarudi. Namparua, natoa minofu naihifadhi kwa ajili ya wiki, kichwa na mifupa vinakwenda kwenye supu siku hiyo hiyo. Kwa mtu aliyezoea kuchagua samaki kwa kumwangalia usoni, asubuhi ya pale ni raha kubwa.

Ukirudi kazini, kitu cha kwanza ni kumkausha samaki. Mgandamize kwa karatasi za jikoni pande zote mpaka karatasi iache kulowa. Samaki mwenye maji anachemka kwenye kikaango, hakaangiki. Kisha mpake chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba ya kusaga, paprika na kitunguu saumu cha unga. Mimi naongeza manjano kidogo kwa ajili ya rangi. Ndimu subiri kwanza. Ukiitia mapema inaanza kumlegeza kabla hajaona moto.

Weka kikaango cha chuma jikoni, tia vijiko viwili vya mafuta, ngoja mpaka yaanze kumeta na moshi unukie kwa mbali. Mlaze samaki, halafu ondoa mkono wako. Dakika tatu usimguse. Mwanzoni anakuwa ameshikana na kikaango, na ukimlazimisha atachanika. Mtazame tu: ukingo unaanza kuwa mweupe, weupe unapanda ubavuni pole pole, chini viungo vinakauka na kupata rangi ya kahawia, na hapo anaachia mwenyewe bila kusukumwa. Mgeuze, mpe dakika mbili nyingine. Ukimdokoa kwa uma akifunguka mapande, ameiva. Wenye kipimajoto watafute nyuzi 63 za Selisiasi ndani. Sasa ndipo unamkamulia ndimu, akiwa bado anavuma kwenye kikaango, na jiko lote linanukia pwani.

Kuhusu tortilla nina msimamo. Watu wetu wengi wananunua za ngano kwa sababu zinafanana na chapati, na watoto wanazipenda. Hazina ubaya, kaskazini mwa Meksiko kwenyewe wanazila sana. Lakini samaki anataka ya mahindi. Ina harufu yake, na utamu wake unamkamata samaki vizuri. Mahindi ya tortilla yanachemshwa kwenye maji ya chokaa, yanalazwa, ganda linabanduka, ndipo yanasagwa. Chokaa hiyo ndiyo inayoufanya unga ushikane ukawa donge linaloweza kutandazwa, na ndiyo maana sembe, uikande utakavyoikanda, haikupi tortilla. Tena inaifungua vitamini B3 ambayo kwa kawaida mahindi yameifungia ndani. Wareno na Wahispania walipoyasafirisha mahindi kwenda kwingineko duniani, ujuzi wa chokaa haukusafiri nayo. Matokeo yake watu maskini waliotegemea mahindi karibu matupu, kaskazini mwa Italia na baadaye kusini mwa Marekani, waliugua pelagra kwa kukosa vitamini hiyo.

Wanangu niliwaeleza haya siku moja tukiwa tunakula. Ugali tunaousifia kuwa ndio chakula chetu, mbegu yake iliota kwanza Meksiko, na pilipili na nyanya za kachumbari asili yake ni bara hili hili la Amerika. Napenda walijue hilo kwa sababu shuleni wanakaa dawati moja na watoto wa Kimeksiko. Jirani yetu, mama mmoja wa Oaxaca, jimbo la kusini mwa Meksiko, ndiye aliyenionyesha namna ya kuzipasha: bati kavu lenye moto mkali, nusu dakika kila upande, mpaka tortilla ivimbe katikati na kupata madoa meusi. Yeye anazigeuza kwa ncha za vidole, hata hashtuki. Zikitoka zinafungwa kwenye kitambaa safi, zinabaki laini kwa mvuke wake zenyewe. Mikroweva inazifanya ngumu pembeni na teketeke katikati, iacheni.

Kachumbari yake ni ya kabichi. Ikate nyembamba kadiri kisu chako kinavyoweza, itie chumvi na ndimu, ifinyange kwa mkono kidogo ilegee. Kitunguu chekundu kioshe kwa chumvi kama tunavyokiosha kwetu, kikamue, changanya. Kotimiri kwa wingi. Nyanya zitoe mbegu na maji, la sivyo tortilla italowa na kupasuka mkononi. Parachichi, ukiwa nalo. Mchuzi mweupe ni mayonezi na mtindi nusu kwa nusu, ndimu, chumvi, kitunguu saumu kilichotwangwa.

Halafu kuna chatini ya nazi, na hapa nafuata mapenzi yangu. Nazi iliyokunwa inapatikana kwenye friza za maduka ya Wafilipino, nao wako wengi hapa San Diego. Ninaisaga na pilipili mbichi, kotimiri, ndimu na chumvi, nene, isiwe ya kumiminika. Ile ile ya kulia bajia. Ukiipaka juu ya samaki wa moto ndani ya tortilla ya mahindi, unapata kitu ambacho Ensenada hawana na Tanga hawana. Yule mama wa Oaxaca alipoonja aliomba apelekewe bakuli.

Mezani kila kitu kinawekwa wazi: sahani ya samaki, bakuli kubwa la kabichi, bakuli za michuzi, ndimu zilizokatwa, tortilla ndani ya kitambaa. Kila mtu anajitengenezea. Mdogo anasema, "Baba, yangu bila pilipili," na kaka yake anamsogezea mchuzi mweupe. Kwa sababu mikono yote miwili ina kazi, hakuna simu mezani, wala sikuwahi kuweka sheria ya kuzikataza. Ndipo mazungumzo yanapotoka: nani amegombana na nani, mwalimu kasema nini, nani kaniudhi kazini. Watoto hawasimulii mambo yao ukiwaita na kuwahoji. Wanasimulia wakiwa wanamsubiri mwenzao apitishe ndimu.

Majira ya baridi, saa za hapa zikirudishwa nyuma, tunapishana na Tanzania saa kumi na moja. Saa kumi na mbili na nusu jioni yetu ni saa kumi na moja na nusu alfajiri ya Tanga, wakati mama yangu ametoka kuswali. Simu inaegemezwa kwenye jagi la maji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hamjambo? Mnakula nini leo?"

"Samaki, mama."

"Samaki na nini?"

Mjukuu wake anamsogezea taco karibu na kamera. Mama anaiangalia, anauliza kama ule ni mkate, akiambiwa ni mahindi anauliza tena kama ndimu imetiwa. Imetiwa. "Basi kuleni," anasema, na anabaki hapo anatutazama tukila, huku anachemsha chai yake.

Kamba wanafaa pia, na wanaiva haraka zaidi, dakika mbili kila upande. Samaki akibaki, mchambue kesho yake umchanganye na wali. Usimpeleke kazini kumpasha kwenye mikroweva ya ofisi, wenzako hawatakushukuru. Tortilla zilizokauka zikate pembe tatu uzikaange, watoto watazimaliza kabla hujaziweka mezani.

Mlio mbali na maduka ya Wameksiko, tafuteni unga unaoitwa masa harina, ndio huo wa mahindi yaliyopitia chokaa. Vikombe viwili vya unga kwa kikombe kimoja na nusu cha maji ya vuguvugu na chumvi kidogo. Kanda, funika, upumzike robo saa. Toa madonge madogo, weka donge kati ya karatasi mbili za nailoni, likandamize kwa chini ya sufuria nzito, kisha peleka kwenye bati. Na ndugu zetu wa Muscat, nyinyi mna nguru anayetoka baharini moja kwa moja. Mkateni vipande vya unene wa kidole, mtoeni ngozi, mpunguzieni dakika moja jikoni maana nyama yake inakauka upesi. Mimi hapa nguru namwota tu, kwa hiyo mkimpika niandikieni mniambie alivyotoka.