Saumu Imekwisha

Mwaka 2014 Ramadhani iliingia mwishoni mwa Juni, nami nikapata kisingizio cha mwezi mzima. Mdomo wa mfungaji una harufu yake, na tangu chuoni tumefundishwa kwamba mbele ya Mwenyezi Mungu harufu hiyo ni nzuri kuliko miski. Nani atahoji?

Idd ikapita, tukala tulivyokula. Mfunguo mosi umefika siku ya nane au ya tisa, usiku tumekaa barazani Temeke, nikamwinamia Mama Salma nimnong'oneze habari ya kodi ya nyumba, mpangaji mwenzetu asisikie. Akageuza uso taratibu, kama anayetazama kama jiko limezimika.

"Baba Salma," akasema, "saumu imekwisha."

Hakuongeza neno. Usiku ule sikulala vizuri.

Kusema kweli, nilikuwa na habari. Tangu Rajabu nikipiga mswaki povu lilikuwa linatoka na rangi ya waridi. Nikaulaumu mswaki, nikanunua wenye nywele laini. Damu haikukoma. Nikaanza kuzikwepa zile sehemu zinazotoka damu, chini kulia na nyuma ya meno ya mbele, kama mtu anavyokwepa kidonda akioga. Muuza dawa mmoja akaniuzia vidonge vya vitamini C, nikavimung'unya mpaka vikaisha. Siku moja nikanunua muwa wa toroli, ule uliomenywa na kukatwakatwa ndani ya mfuko. Nikatafuna, nikatema, na makapi yaliyoanguka mchangani yalikuwa na nyuzi nyekundu. Nikayafukia kwa kiatu. Hakuna kilichouma, na kwetu kisichouma hakipelekwi hospitali.

Asubuhi baada ya maneno ya mke wangu nilipanga foleni kwenye kliniki ya meno. Daktari alikuwa binti mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi.

"Kaka, unapiga mswaki?"

"Kila siku, Dokta. Asubuhi na usiku."

"Wapi?"

Sikuelewa swali. Akanipa kioo cha mkononi, akavuta mdomo wangu wa chini. Fizi zangu zina rangi ya kahawia tangu kuzaliwa, kwa hiyo wekundu nisingeuona hata ningejitazama. Yeye hakutazama rangi. Alinionyesha vile vipembe vya fizi vinavyoingia katikati ya meno: upande wa kushoto vilikuwa vyembamba, vimeshika jino kama pindo lililoshonwa vizuri. Kulia vilikuwa vimevimba, vya mviringo, vinang'aa. Akagusa kimoja kwa ncha ya chuma, hata hakubonyeza, damu ikachirizika. Nyuma ya meno ya mbele palikuwa na kitu cha manjano, kigumu, kimejipanga kama saruji chini ya ukuta. Ugaga. Mimi nilidhani ni meno.

"Hapa hupapiti," akasema. "Unaogopa kutoka damu, na damu inatoka kwa sababu hupapiti."

Ukoga, ule utando laini wa kwenye meno, niliouacha palepale ndio uliokuwa unazitia fizi uvimbe. Ukiachwa siku chache huanza kuwa mgumu na kugeuka ugaga, na hapo mswaki hauuwezi tena. Kisha akachukua kijiti cha chuma chenye mistari myeusi, akakipitisha kati ya jino na fizi, akimtajia nesi namba: mbili, mbili, tatu, nne, mbili, tano. Mpaka tatu ni sawa, akaniambia, hizo ni milimita. Nilipoisikia ile tano nilishika mkono wa kiti. Akaniuliza kama navuta sigara, maana mvutaji fizi zake huweza kuoza kimya bila kutoa damu. Akaniandikia na kipimo cha sukari, ambacho nashukuru kilitoka salama.

Penye tano, picha ilionyesha mfupa umeanza kushuka. "Fizi zitarudi," akasema. "Mfupa haurudi. Tunaweza kuuzuia usiendelee."

Hapo nikamkumbuka Bibi, Tanga. Bibi hakuwahi kuwa na jino bovu hata moja, na alijisifia. "Meno ya kwetu hayaozi," alikuwa akisema, "yanahama." Yalilegea moja moja, akayang'oa mwenyewe kwa vidole na kuyafunga kwenye pembe ya kanga. Alipofika miaka sitini alikuwa anakula ndizi za kuponda. Sote tuliamini ni mambo ya ukoo.

Kusafishwa kulichukua karibu saa nzima, kwa shilingi 30,000. Vipande vya ugaga vilikuwa vinalia kwenye beseni. Niliporudi nyumbani ulimi ulikuwa unaingia katika nafasi nisizozijua. Salma, ambaye alikuwa na miaka minne, akawasha tochi ya simu akachungulia.

"Mama, Baba ana matundu!"

Kwa siku kadhaa niliupitisha mswaki palepale panapotoka damu, nimeulaza kidogo kuelekea fizi kama nilivyoelekezwa, roho juu. Wiki ya pili povu likawa jeupe, isipokuwa pale penye tano, ambapo nililazimika kurudi mara mbili. Jioni moja Mama Salma akaniletea chai barazani, akakaa, akaanza mwenyewe kuninong'oneza habari za yule mpangaji, karibu kuliko alivyokaa tangu Rajabu.