Rimu za Patrol kwa Prado ya mzee

Hii ni ya 2015. Mzee wangu alikuwa ameniachia Toyota Prado yake ya 98, ile ya injini ya dizeli ya 1KZ, bodi poa injini poa lakini rimu zimechoka kabisa, na mimi kila nikipita Kirinyaga Road macho ni kwa rimu tu. Siku moja nikapata seti imetoka kwa Nissan Patrol, nyeusi, inchi 16, mashimo sita kama zangu, jamaa akapima mbele yangu umbali wa mashimo, yake milimita 139.7, zangu 139.7, nikalipa hapo hapo.

Nati za Patrol alizonipa zikakataa, zinaingia mizunguko miwili zinakwama. Kijana wa kufunga akasema basi turudishe zako za zamani, akazikaza akikanyagia wili spana na mguu. Mimi nilikuwa naangalia gari tu, na kusema ukweli ilipendeza sana.

Jumapili nikambeba mum tukienda Thika kwa shangazi. Mpaka Roysambu hakuna kitu, tukapita Githurai nikagusa 80 hivi, usukani ukaanza kutetemeka, nikipunguza unatulia, nikiongeza unarudi. Mum akaniambia, "Kijana wangu, hii gari ya baba yako haijawahi kufanya hivi." Nikamwambia ni balansi tu mathe. Karibu na Ruiru nikasikia tok tok tok nyuma kushoto, nikatoka barabarani. Nati ya kwanza niliyoshika iligeuka na vidole. Vidole! Nne kati ya sita zilikuwa hivyo. Mum alikuwa ameshuka, amesimama kwa nyasi amekumbatia mkoba wake, hakusema neno, na hiyo picha sijaisahau mpaka leo.

Nikakaza, tukarudi mjini polepole taa za hazadi zikiwaka njia yote.

Jumatatu nikaenda kwa fundi mmoja mzee pale Grogan. Akafungua gurudumu, akaniwekea nati yangu mkononi. "Ona hapa chini, iko flati na ina washa, hii pete bapa, hii ni ya rimu orijino ya Toyota. Sasa tia kidole kwa shimo la rimu yako." Shimo limechongwa kama faneli. Nati flati hapo inashika ukingo tu, gari ikitikisika inajilegeza yenyewe. Na zile za Patrol zilikataa kwa sababu uzi wa Nissan ni milimita 1.25 jino hadi jino, wa Toyota ni 1.5, ukilazimisha unaua stadi, zile bolti nati inafungwa kwake. Alafu akatoa kalipa akapima tundu la katikati, rimu 110, na habu ya Prado, ile sehemu ya katikati rimu inakalia, 106. Milimita nne za hewa tupu! Hiyo rimu ilikuwa imekaa pembeni ya habu, ungebalansi mara kumi na bado ingetetemeka.

Tukachongewa ringi nne za aluminiamu za kujaza hiyo nafasi kwa jirani mwenye lethi, mashine ya kuchonga chuma, nikanunua nati 24 za koni za kukaa kwa hayo mashimo ya faneli, na stadi mbili zilizolika zikabadilishwa. Fundi akakaza kwa mpango wa nyota, akivuka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili, gari ikiwa juu ya jeki kwanza, ikishuka chini akatumia toki renchi, ile spana ya kupima nguvu ya kukaza, nyutoni mita 110. Akaniambia, "Ukimaliza kilomita mia urudi tukaze tena, usiniambie hauna wakati." Nilirudi, na kuna mbili ziligeuka kidogo.

Jumapili iliyofuata mum akapanda tena. Alishika kile kishikio cha juu ya mlango kutoka Pangani, na hakukiachilia mpaka tulipopita Ruiru.