Foleni isiyo na namba: nilivyotoka kwenye orodha ya kusubiri

Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akajifuta magamba mikononi, akauliza: "Sasa kwenye hiyo foleni wewe ni wa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ilikuwa mwisho wa Machi 2023, tuko Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, kwenye biashara yake ya dagaa. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepata barua ya chuo kimoja kidogo cha Iowa, Marekani. Hawakunikubali, hawakunikataa, waliniweka kwenye orodha ya kusubiri. Nilikesha nikisoma maana yake, nikakuta kwamba vyuo vingi havipangi orodha hiyo kwa namba. Waliokubaliwa wana hadi tarehe 1 Mei kusema kama wanakuja. Baada ya hapo chuo kinahesabu nafasi zilizobaki, kinaangalia kimepungukiwa nini, ndipo kinachomoa majina. Wakikosa mpiga tarumbeta, ataitwa mpiga tarumbeta. Wasipokosa kitu, haitwi mtu.

"Foleni isiyo na namba," baba akasema, "huo ni mnada."

Nilianza na kitu kidogo ambacho wengi hukisahau: kuingia kwenye akaunti ya maombi na kuthibitisha kwamba bado nataka kusubiri. Usipothibitisha, vyuo vingi vinakuhesabu umejitoa.

Kisha nikaandika barua. Kurasa mbili na nusu, zimejaa shida zetu. Nikampelekea dada mmoja wa Pasiansi aliyewahi kusoma huko. Alisoma aya mbili akanirudishia simu. "Mdogo wangu, hii ni barua ya kuomba msaada wa msiba. Tangu utume maombi Januari umefanya nini kipya?"

"Sijafanya kitu, dada. Nauza dagaa tu."

"Unawauzaje?"

Hapo ndipo nilipoanza kumsimulia habari za daftari. Matokeo yangu ya kidato cha sita yalitoka Julai 2022, na baada ya mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Rwamkoma nilikuwa nyumbani nikimsaidia baba. Ananunua dagaa wabichi Igombe, anawaanika mchangani, anawaleta Mwaloni. Masika ikishika, wanaloa, wanaoza, na mzigo uliokuwa wa kula watu unauzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Nilikuwa naandika kila siku magunia mangapi yameharibika. Halafu tukatengeneza chanja moja ya mbao na wavu, nikawa naandika ya mchangani na ya chanjani kando kando. Dagaa wa chanjani walikauka upesi, tena bila mchanga. Kwangu hiyo ilikuwa kazi ya nyumbani, kama kuchota maji. Dada akasema, "Andika hiyo, na uishie ukurasa mmoja."

Niliiandika wiki ya Pasaka. Nilitaja somo la takwimu pale chuoni ambalo lingenisaidia kulielewa vizuri daftari langu, na nikamalizia na sentensi moja: mkinichukua, nitakuja. Sentensi hiyo unaiandikia chuo kimoja tu, na uwe unaimaanisha.

Lakini kilichonitesa zaidi ni fedha. Fomu ya ufadhili iliuliza kipato cha mzazi kwa mwezi. Kipato cha baba kweli kinakwenda kwa mwezi, ila ule wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, wanafuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika, na Mwaloni wachuuzi wanacheza bao. Januari nilikuwa nimebuni wastani wa haraka haraka, na ulitufanya tuonekane tuna uwezo kuliko tulivyo. Safari hii niliandika ukurasa wa maelezo kutoka kwenye hesabu za baba, nikataja wazi tunachoweza kulipa: dola 3,000 kwa mwaka, pamoja na mchango wa baba mdogo wa Musoma. Nikawauliza pia kama mgeni anayetoka kwenye orodha ya kusubiri anaweza kupewa ufadhili. Wakajibu kwamba upo, ila ni mdogo. Swali hilo ningeliuliza siku ya kwanza. Kwa sisi wa nje ndilo zito kuliko yote, maana kuna vyuo ambavyo vikifika kwenye orodha hiyo vinatazama mfuko kabla ya alama.

Kwa wenzetu kuna mshauri wa shule anayewasemea vyuoni. Mimi nilipanda kivuko cha Kigongo kwenda Busisi, nguzo za daraja jipya zimesimama majini, nikaenda shuleni kwangu Sengerema.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Wewe si ulishatuaga?"

Mwalimu wa taaluma aliandika mistari minne kuhusu dagaa na hisabati, akaituma kwa baruapepe ya shule. Rafiki yangu mmoja alishauri niwaandikie kila Jumatatu na niwatumie kitenge. Sikufanya hivyo. Niliandika mara moja tu tena, katikati ya Mei, mistari michache: sasa tuna chanja tatu, na majirani wawili wameanza za kwao.

Kusubiri kwenyewe sikukuwekea matumaini. Chuo kingine cha kule kilikuwa kimenikubali, ila pengo la ada lilitushinda nikakijibu hapana. Kwa hiyo nilijiandaa kuomba vyuo vya hapa dirisha la maombi la TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, likifunguliwa Julai. Hata hivyo nilikata pasipoti, shilingi 150,000. Mama alisema nanunua kamba kabla ya ng'ombe. Ukiitwa Juni huna muda wa kuanza kuhangaika na pasipoti.

Waliniita wiki ya kwanza ya Juni. Simu ililia saa tano usiku. Kule ilikuwa saa tisa mchana. Tukikupa ufadhili huu, utakuja? Tunataka jibu ndani ya siku tatu. Pengo lilikuwa dola 3,400. Tulipiga hesabu mpaka jogoo, baba mdogo akiwa kwenye spika ya simu, na asubuhi nikajibu ndiyo. Nikauliza na kazi ya chuoni, kwa kuwa viza ya mwanafunzi inaruhusu hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Wakanipa maktaba.

Kabla ya usaili wa viza ilibaki ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, dola 350, iliyokula akiba yangu yote ya JKT na dagaa. Basi la Dar liliondoka Nyegezi alfajiri, katikati ya Julai. Mama alinisindikiza. Baba hakuja, mwezi haukuwepo, na Igombe mitumbwi ilikuwa inarudi imejaa.