Nne Nne

Jumatano, usiku

Asubuhi tuligombana kwa sababu ya ufunguo. Kwenye ukuta wa ofisi ya misheni kuna ubao wenye misumari 14, kila msumari na kipande cha plasta chenye jina la mtaa: Kimara, Ubungo, Temeke, Mbagala, Kigamboni na kadhalika. Leo msumari wa Kimara ulikuwa mtupu. Nikasema hata jana ulikuwa mtupu. Mzee, yaani mume wangu, akasema jana funguo zilikuwa zimetimia. Akafungua kauntabuku yake, akalamba kidole, akatafuta ukurasa: "Jumanne. Funguo 14. Saa 9 vijana wa Kimara wamechukua 1, wamejifungia nje." Basi sote tulikuwa tumesema kweli, na hakuna aliyeomba radhi.

Wa nyumbani Kitale, Kenya, wakipiga simu huuliza tumebatiza watu wangapi. Mwezi huu sijabatiza mtu. Nimenunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, za nyumba 11, nimelipa mafundi bomba wawili, nimebadilisha mitungi minne ya gesi, na nimefuatilia kwa wiki tano kifurushi cha mama mmoja wa Utah, Marekani, ambacho kimefika kimepasuka na siagi ya karanga imepaka soksi zote. Siagi ya karanga! Na Kariakoo karanga zinauzwa kwa kopo.

Mimi na mume wangu ni wamisionari. Yeye ana miaka 68, mimi 64. Tuliitwa kwa miezi 18 kuhudumu katika ofisi ya misheni ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho hapa Dar es Salaam, na huu ni mwezi wetu wa saba. Wale mnaowaona juani wawili wawili, beji nyeusi kifuani, ni vijana: wavulana hutumika miezi 24, wasichana 18. Sisi kazi yetu ni kuona kwamba wakirudi jioni wanakuta maji, taa na godoro.

Kwa Kiswahili cha Kanisa, mmisionari wa kiume anaitwa Mzee. Awe na miaka 18 na chunusi usoni, ni Mzee fulani. Wiki iliyopita fundi wa kiyoyozi alifika mlangoni akasema, "Namtafuta mzee." Wakageuka watano. Mwenye mvi alikuwa mmoja tu, na huyo hakusikia, maana sikio lake la kushoto limechoka.

Nilipokuwa mtoto, misheni lilikuwa jina la mahali. Nilizaliwa kwa Marafiki, Wakristo wale wanaoitwa Kwekeri, waliofika Kaimosi mwaka 1902 wakajenga shule, hospitali na mashine ya kupasua mbao. Babu yangu alifanya kazi kwenye hiyo mashine, na hadithi zake zote zilipitia kwenye dirisha moja: dirisha la ofisi ya misheni, ambako siku ya malipo alisimama kofia mkononi akingoja jina lake lisomwe. Leo mimi ndiye niliyekaa upande wa ndani wa dirisha, nasoma majina. Kijana anakuja kuchukua nauli yake amesimama vilevile, ila kofia hana.

Dar yenyewe ilinifunza adabu mapema. Wiki ya kwanza niliingia duka la vifaa vya ofisi nikamwambia binti wa kaunta, "Nipe karatasi rimu mbili." Akanitazama. Akasema taratibu, "Shikamoo, mama." Nikaitikia marahaba huku uso ukiniwaka, nikaanza upya: habari za asubuhi, habari za kazi, naomba karatasi rimu mbili. Karatasi zikaja, na kiti juu yake. Sisi Wakenya tunadhani tunajua Kiswahili kwa sababu tunaeleweka.

Na nyumba. Kwetu kodi hulipwa mwezi kwa mwezi. Hapa mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali anachukua mwezi wake. Mzee anawapenda madalali hao, sijui kwa nini. Amewapa kurasa zao kwenye kauntabuku, na mmoja amemwandika "mkweli wa wastani."

Mimi kazi yangu hasa ni vibali. Mgeni anayekuja kuhubiri huombewa kibali cha ukaazi daraja C, kundi moja na wanafunzi, watafiti na wanaojitolea. Maombi yanapitia mtandaoni, lakini jina likipinduka kati ya pasipoti na barua, unarudi mwanzo. Hilo halinisumbui. Nimekuwa karani wa shule miaka 29 katika Trans Nzoia, ambako mtoto ana majina manne na kila cheti kina matatu tofauti.

Mchana alikuja kijana wa Lubumbashi kuleta picha za pasipoti. Kiswahili chake ni cha kwao, watu hapa humcheka kidogo, nami huchekwa pia, kwa hiyo tuna undugu. Aliniachia picha, nikamshukuru, lakini hakuondoka. Mtu mwenye shida ya karatasi huisema. Mwenye shida nyingine husoma ramani ya ukutani kuanzia Bukoba mpaka Mtwara, akifika mwisho anaanza tena. Nikampa kikombe cha uji wa wimbi (hapa wanasema ulezi) uliobaki kwenye chupa. Akanywa nusu.

"Mama," akasema, "mwenzangu haniongeleshi tangu Jumapili."

Mwenzake alikuwa nje kibarazani na Mzee, wanatazama tairi. Vijana hawa huishi wawili wawili: wanalala chumba kimoja, wanakula pamoja, wanatoka pamoja, wanarudi pamoja, mpaka Rais wa misheni, yaani mkuu wetu, atakapowabadilisha, na mabadiliko huja kama kila wiki sita. Ukipata mwenzi mgumu, siku 42 ni nyingi.

"Kosa nini?"

"Sufuria." Ikatoka hadithi ndefu ya ugali uliogandia, nani alipika, nani alipaswa kuosha, na neno moja la Kiingereza ambalo yeye alilielewa vibaya au vizuri mno. Nilitaka kumpa andiko. Badala yake nikajikuta namwambia, "Mimi wangu nilimwoa miaka 34 kabla sijajua kwamba anaimba akitafuta miwani." Akacheka mpaka uji ukampalia. Sijui kama ilimsaidia. Walipoondoka walikuwa bado hawaongei, lakini yule mwingine ndiye aliyembebea begi.

Nilivyomwambia si utani. Na hata nikasema "nilimwoa". Kwetu mwanamke huolewa, lakini aachwe aliyelima shamba peke yake aseme atakavyo.

Tulioana mwaka 1983. Yeye alikuwa karani wa reli Nairobi, mimi nilikuwa na shule na shamba Kitale. Ndoa nyingi za rika letu zilikuwa hivyo: mwisho wa mwezi pesa, Desemba mume. Barua zake zilikuwa orodha. "Nimetuma 800. Nunua mbolea. Bati za jiko zingoje. Salimia watoto." Nilizisoma nikitafuta neno moja ambalo halikuwa agizo, nikakuta "salimia".

Kanisa alilipata hukohuko Nairobi, akabatizwa mwaka 1994, akaniletea habari hiyo Krismasi pamoja na mkate na sukari. Nilinuna. Binti wa Marafiki anaambiwa kuna nabii mwingine na kitabu kingine, na chai basi! Mwaka 2000 Kitabu cha Mormoni kilipotoka kwa Kiswahili, aliniachia nakala mezani bila neno lolote, akarudi kazini. Angenihubiria ningemrudishia kwa posta. Kwa kuwa alinyamaza, nilisoma.

Mwaka 2003 tuliuza ng'ombe watatu, Kanisa likatusaidia nauli iliyobaki, tukaenda hekaluni Johannesburg. Hekalu la Nairobi limewekwa wakfu Mei 2025 tu. Wakati ule la karibu lilikuwa hilo la Afrika Kusini. Humo tukaunganishwa kama mume na mke, kwa wakati na kwa milele yote. Nililia. Tukarudi Kenya, na Jumatatu iliyofuata umilele ukapanda basi kwenda Nairobi kazini, nami nikarudi kupalilia.

Alirudi nyumbani kabisa mwaka 2017. Lakini shamba ni pana. Yeye aliamka na ng'ombe, mimi na kuku, tukikutana mezani kama wapangaji wawili wenye heshima. Kwa hiyo tulipofika hapa tukapewa nyumba ya chumba kimoja na sebule, na ofisini meza moja yenye viti viwili vinavyotazamana, ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa naye kutwa. Kutwa! Wiki ya pili nilimwambia mke wa Rais wa misheni kwamba naomba mwenzi mwingine. Alidhani natania.

Nimejifunza mambo. Husoma barua pepe kwa sauti, hata zangu. Hawezi kutupa boksi. Anajua mtoto wa kila mlinzi wa mtaa huu anasoma darasa la ngapi, yeye ambaye wakati wa simu za kadi aliniuliza mara mbili kama kitinda mimba wetu yuko la tatu au la nne. Hilo liliniuma, wala sijamaliza kuumia. Siku moja nilimwambia. Alikaa kimya muda mrefu, akasema, "Nilikuwa naandika, Mama. Yale madaftari niliyaacha Nairobi nilipohama chumba." Sikujua kama nicheke au nilie; nikaenda kuwasha printa.

Jumatatu ni siku ya maandalizi: vijana hufua, hucheza mpira na kuandika barua kwa Rais. Sisi juzi tulipanda treni ya SGR kwenda Morogoro, shilingi 13,000 kila mmoja, chini ya saa mbili. Mtu wa reli tangu ujana, na hii treni inaenda kwa umeme. Yetu ya Mombasa inavuta dizeli, na Mzee alilitaja hilo kuanzia Pugu kana kwamba amefiwa. Aliegemeza kipaji kwenye kioo akihesabu nguzo za waya. Morogoro tulitazama milima ya Uluguru kutoka chini, tukala ndizi na samaki. Mama lishe akatuletea chai ya rangi bila kuulizwa. Nikamweleza kwa upole kwamba hatunywi majani ya chai, kama ana mchaichai naomba. "Wakenya?" akauliza. Tukasema ndio. "Na chai hamnywi?" Akamwita mwenzake aje atuone.

Jioni hii kijana wetu alipiga kuuliza trekta lianze kulima lini. Mzee akajibu "wiki ijayo", mimi nikajibu "ngoja", kwa pamoja, kwenye spika. Kijana akasema atapiga tena tukishaelewana.

*

Saa sita kasoro. Naongeza haya kwa tochi, kisha nalala.

Kuna ugomvi mmoja sijauandika, wa feni. Mzee halali bila feni. Miaka yote ya chumba cha peke yake alilala na feni. Mimi ni mtu wa Kitale, nalala na blanketi, na upepo wa feni unanishika shingo. Tumejaribu namba moja, tumejaribu kuigeuza ukutani, tumejaribu yeye alale upande wa mlango. Huwa naizima akishaanza kukoroma, naye huamka saa nane kuiwasha, na asubuhi hakuna anayetaja.

Leo ilijizima yenyewe. Nikangoja aseme ni mimi. Akasema, "Mama, ni wewe?" Nikasema mikono yangu iko hapa. Nikachungulia dirishani: jirani taa, mlinzi taa, barabarani taa.

Mwenye kununua LUKU za nyumba 11 amesahau yake.

Akakaa kitandani, akatafuta simu huku anaimba, yaani anatafuta miwani. Akanunua ya 20,000. Ujumbe ukaingia, tarakimu 20, nami nikaenda kwenye mita ukutani na gauni la kulalia, tochi mdomoni. "Nne nne," akaita kutoka chumbani, kama anavyowaambia vijana kila usiku wanapopiga. Akasoma nne, nikabonyeza nne. Nikarudia kwa sauti ya juu upande wa sikio lake zima. Kundi la tatu nikasikia saba, yeye alisema sita. Mita ikakataa. Tukaanza upya. Kundi la tatu akalisoma polepole sana, tarakimu moja moja, kama mtu anayesoma barua kwa asiyejua kusoma, na nilisimama pale gizani nikimsikiliza kabla sijabonyeza.

Taa zikawaka, friji ikanguruma, na feni ikaanza kuzunguka. Niliporudi alikuwa ameinua mkono kuizima.

"Iache," nikasema.

Akavuta kauntabuku chini ya mto, akaandika. Nikamwuliza anaandika nini usiku huu. "Yetu," akasema. "Nilikuwa sijaiweka kwenye orodha." Na sasa anakoroma, shingo yangu inapata baridi, na nimeifunga na kanga.