Siku Nilipomwita Mama Yakhe

Karatasi zilikuwa tatu, zimechapwa upande mmoja, na jina la mhusika wangu limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu kila lilipotokea. Lilitokea mara nne. Nilizisoma ndani ya matatu kutoka Posta, nikazisoma tena nimesimama mlangoni kwa Ami kabla sijapiga hodi.

Mwaka ulikuwa 2014. Nilikuwa na miaka 27, na minane kati ya hiyo nimeigiza, yote jukwaani. Mtu akisikia jukwaa huona mapazia na taa. Little Theatre Club pale Mnazi Mmoja, Mombasa, tuliingia, na usiku wa huko mtu alipiga pasi shati tangu asubuhi. Lakini riziki yetu ilitoka mashuleni. Tamthilia inayotahiniwa kidato cha nne tuliikariri yote, tukachanga pesa ya gari, tukazunguka nayo Kwale, Kinango, Kaloleni, hadi Voi. Jukwaa ni meza za bwalo zilizounganishwa. Juu mabati, mbele wanafunzi mia sita waliokwishakula githeri na wanaotaka kucheka, maiki hakuna. Mvua ikianza kupiga yale mabati, ama unyamaze ama utoe sauti ya tumboni imfikie mtoto wa mwisho aliyesimama dirishani. Mimi niliitoa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sifa yangu, na nilijivunia.

Sasa kampuni moja kutoka Nairobi ilikuwa imekuja kupiga picha za tamthilia ya runinga, na katika watu zaidi ya arubaini tuliojaribiwa, mimi nilichukuliwa. Siku moja ya kazi, shilingi 3,000. Shuleni, baada ya kulipa gari, nilikuwa nikirudi na 400.

Ami hakuwa ami yangu wa damu. Mtaa mzima wa Majengo ulimwita hivyo. Alikuwa fundi wa redio, amekulia kwenye kusikiliza Sauti ya Mvita, kituo cha redio cha Mombasa, na nadhani masikio yake yalitengenezwa na ile kazi, maana hakuna mtu niliyepata kumjua aliyesikia neno kama alivyolisikia yeye. Nilipoanza kuigiza alinikalisha kwenye kigoda mbele ya meza yake ya kazi, kati ya spika zilizofunguliwa matumbo na harufu ya risasi ya kuchomelea, akachana ukingo wa gazeti, kipande kirefu chembamba, akakining'iniza mbele ya midomo yangu.

"Sema paa. La nyumba."

Nikasema. Karatasi ikatulia.

"Sema p'aa. Wa mwituni."

Karatasi ikapepea. Kisha kaa la moto, itulie. K'aa wa ufuoni, ipepee. Kiswahili cha vitabuni kimeziandika sawa, lakini Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, hakijazichanganya, na Ami alikuwa akiniambia kwamba mwigizaji asiyeweza kutenganisha paa la nyumba na p'aa wa mwituni kwa pumzi tu, hana haja ya kufundishwa kulia. Tulifanya hivyo jioni nyingi. Nikipatia alikuwa akirudi kwenye redio yake bila neno.

Na akitengeneza alikuwa akisimulia. Zaidi ya yote alimsimulia mwigizaji wa filamu Sidney Poitier, ambaye alikuwa amemwona kwa mara ya kwanza ujanani mwake kwenye sinema ya Regal, pamoja na vijana wenziwe waliotoka wakijaribu kutembea kama yeye. Poitier alizaliwa Miami mwaka 1927, wazazi wake wamekwenda huko kuuza nyanya, akaja kabla ya siku zake, mdogo hivi kwamba babake alidhani atamzika. Wakarudi naye Cat Island, kisiwa cha Bahamas, kusikokuwa na umeme wala maji ya mfereji. Akafika New York kijana wa miaka 16, akiosha vyombo hotelini, na siku aliyokwenda kujaribu bahati kwenye American Negro Theatre, pale Harlem, hakufika mbali. Kusoma kwake kulikuwa kwa kusitasita na lafudhi yake ilikuwa nzito ya visiwani. Akatolewa nje, akaambiwa aende akaoshe vyombo.

Hapo Ami huiweka chini bisibisi. "Akanunua redio," husema, na kwa fundi wa redio hapo ndipo penye hadithi yote. Akanunua redio akakaa nayo miezi, akirudia kila anachosema mtangazaji, hadi ulimi ukakubali. Kisha akarudi kwa wale wale, akawaambia atafagia jumba lao bure mradi wamfundishe. Mwaka 1959 alikuwa Broadway, kiongozi wa mchezo. Mwaka 1964 akawa mwanamume mweusi wa kwanza kupata Oscar ya mwigizaji bora. Na mwaka ule ule wa 1959, jina lake lilikuwa kwenye barua ya kuomba msaada, pamoja na la mwimbaji Harry Belafonte na la mchezaji besiboli Jackie Robinson, iliyowezesha wanafunzi 81 wa mwanasiasa wetu Tom Mboya kupanda ndege kwenda kusoma Marekani. Hilo Ami alilihesabu kama deni letu sote.

Jioni ile ya karatasi tatu alivaa miwani akasoma. Alikawia. Mhusika wangu ni kijana wa Mji wa Kale aliyekuwa akifanya kazi Ghuba, anarudi nyumbani baada ya miaka mitano. Mamake yuko barazani. Maneno yangu ya kwanza, kama yalivyoandikwa: "Yakhe mama! Nimerudi, wallahi! Mambo ya kazi basi, yakhe, hapa Mombasa ni raha tu!"

"Huyu anamwita mamake yakhe," Ami alisema.

"Ndivyo walivyoandika."

Kwa asiyejua: yakhe ni neno la Kiarabu lililohamia kwetu, ni kusema ewe ndugu yangu, na tunaitana hivyo wanaume wa rika moja, kwenye bao, kwenye kahawa. Hakuna mwana wa Mombasa ambaye angemwita hivyo mwanamke aliyemzaa. Lakini kwa wanaotuandika kutoka mbali, neno hilo ni kama kofia: mvishe mtu, watazamaji watajua ni wa Pwani, na wakishajua watangoja awachekeshe na awe mvivu.

Ami hakuniambia nikatae. Alinisimulia jambo moja ambalo hakuwa amewahi kulisimulia. Kwamba Poitier, kabla jina lake halijakua, aliletewa kazi ya filamu yenye malipo ambayo hakuwa amewahi kuyaona, akasoma akakuta mtu anayetakiwa kumwigiza anauliwa binti yake na hasimami kusema lolote. Akaikataa. Mkewe alikuwa karibu kujifungua. Akaenda kukopa dola 75 kwa dhamana ya samani ya nyumba ili alipe hospitali.

Akanirudishia karatasi zangu. "Kesho vaa kikoi kilichofuliwa," akasema, "wasije wakakupa cha kwao."

Nilifika Ndia Kuu, Mji wa Kale, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyumba waliyokodi iko kichochoro cha pili, mlango wa nakshi, baraza mbili za chokaa kulia na kushoto. Mwenye nyumba, bibi mzee wa makamo ya Ami, alikuwa amewaachia baraza na sebule, akabaki ndani nyuma ya pazia, na kila nusu saa alitoa sahani ya mahamri bila kuombwa. Mwelekezi alikuwa kijana mpole. Nalisema hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu niliyofanyiwa siku ile sikufanyiwa na mtu mbaya. Alinipa mkono, akanishukuru kwa kuja mapema, akanifungia mwenyewe kile kimaiki kidogo ndani ya shati.

Mara ya kwanza nilipoingia kichochoroni na begi langu, nilitoa sauti ya Kinango. Yule wa sauti alivua vipokea sauti masikioni kama aliyeungua. Mwelekezi akanijia karibu, akagusa kifua changu penye maiki. "Watu wote wako hapa," akasema. Somo hilo alinipa yeye, bado ninalitumia, na kila kijana ninayemwandaa kwa kamera namwambia hivyo hivyo.

Mara ya pili kunguru wakaharibu. Hawa kunguru wa kijivu shingoni hawana heshima na kazi ya mtu. Mara ya tatu tuktuk ikang'ang'ania kupita. Kisha ikaja adhana ya adhuhuri, msikiti mmoja, wa pili, wa tatu, wakipokezana, na wote tukakaa chini tukangoja. Jua lilikuwa limeanza kuihama baraza.

Mara ya nne niliyasema. Niliyasema kama walivyoyataka, yakhe ya kwanza nikaivuta, wallahi nikaipandisha puani, begi nikalitupa, mabega nikayalegeza. Na watu wakacheka. Mshika taa alicheka, yule wa sauti alicheka na vipokea sauti vyake masikioni, mwelekezi akapiga makofi. Mtu aliyezoea mabwalo ya shule hawezi kukisikia kicheko asifurahi. Kiliniingia mwilini kama chai ya moto. Kwa muda wa pumzi mbili tatu nilikuwa na furaha kamili.

Pazia likasogea. Bibi alikuwa amesimama na sahani yake, amejitanda leso, ananitazama usoni, na hakuwa na hasira. Alikuwa anajaribu kunitambua.

"Mwana wa wapi weye?"

"Majengo, bibi."

"Majengo ya hapa?" Akaiweka sahani barazani. "Na huko kwenu Majengo, mama zenu mwawaita yakhe?"

Hakungoja jibu. Alirudi ndani, na pazia likaendelea kutikisika baada yake.

Sikumbuki nilivyomfikia mwelekezi. Nakumbuka nilimwomba mara moja zaidi, na kwamba alitazama jua kabla ya kunitazama mimi. "Moja tu," akasema. Nikamwendea mwenzangu aliyeigiza mama, mwigizaji wa siku nyingi ambaye tulikuwa tumekutana Little Theatre, nikamnong'oneza kwamba nitayaacha maneno ya karatasini. Aliendelea kuchagua mtele kwenye uteo wake. "Njoo tu," akasema. "Mimi nipo."

Nikaingia kichochoroni polepole. Begi nililiweka chini taratibu, maana mtu aliyetoka safari ya miaka mitano amebeba vya watu. Nikavua viatu chini ya baraza. Nikainama, nikautwaa mkono wake, una vumbi la mchele, nikaubusu.

"Mama. N'merudi."

Hicho tu. Sauti haikupita maiki. Yeye hakuuachia mkono wangu, ingawa haikuandikwa hivyo. Aliugeuza, akautazama ndani kama anayetafuta kidonda, kisha akasema jambo ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote: "Ushakula?"

Hakuna aliyecheka. Mwelekezi alichelewa kusema kata, akachelewa sana, hadi jua likawa limeondoka barazani kabisa. Alipokuja kunifungua maiki alisema ilikuwa nzuri, na naamini alimaanisha.

Kipindi kilirushwa baada ya miezi mitatu hivi, Jumapili usiku. Nilikwenda kukitazama kwa Ami, kwenye runinga aliyoifufua mwenyewe, na watoto wa jirani wakajaa hadi mlangoni. Nilitokea baada ya matangazo ya pili. Begi likaruka. "Yakhe mama!"

Watoto wakashangilia, wakaniangalia mimi, wakaiangalia runinga, wakaniangalia tena. Kwa wiki mbili tatu baadaye nilikuwa nikiitwa Yakhe Mama toka Majengo hadi Kongowea, na wengi waliniita kwa mapenzi, wakitaka niyaseme tena. Ile nyingine haikuonyeshwa. Labda bado iko kwenye diski ya mtu Nairobi, labda imefutwa. Mwenzangu aliyeigiza mama alinipigia simu usiku ule ule, akaniuliza kama niliitazama, tukanyamaza wote wawili, pesa ya simu ikaenda.

Ami hakusema kitu hadi watoto wakatawanyika. Nilimweleza yote, bibi na sahani yake, mkono, ushakula. Alisikiliza huku amekishika kitufe cha sauti, anakigeuza chini, hadi msomaji wa habari akawa anachezesha midomo tu. Nilimwambia kwamba Poitier alikataa na mimi sikukataa.

"Yeye pia alianza na vyombo," Ami alisema. Kisha baada ya muda: "Lafudhi ile aliisomea mwenyewe, na redio yake, na usingizi wake. Hakuna aliyemvika. Wewe umevikwa. Vua."

Akavuta gazeti lililokuwa chini ya chuma cha kuchomelea, akachana ukingo wake, kipande kirefu chembamba, na mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka miaka ile, kwa hiyo aliushikilia kwa mkono wa pili. Akakileta mbele ya midomo yangu.

"Sema paa. La nyumba."