Mwezi Hauna Kazi Hapa: Nilivyojifunza Kushindania Redifishi Texas

Baba yangu alivua Kilwa Kivinje maisha yake yote na hakuwahi kuvaa saa. Aliangalia mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, alijua maji ya bamvua yamefika: yatapanda zaidi ya mita 3, kisha yatakupwa hadi mafungu ya mchanga yabaki wazi na akina mama washuke na ndoo zao. Mwezi ukiwa nusu, alisema "maji mafu haya", akakaa kushona nyavu. Elimu hiyo niliipokea nikiwa na miaka 9, na nilipohamia Houston mwaka 2014 nilikuja nayo kichwani. Nilipoanza kushindana kuvua redifishi kwenye ghuba za Texas, elimu hiyohiyo ndiyo iliyonipotezea misimu miwili.

Nianze na samaki mwenyewe. Redifishi ana rangi ya shaba, na karibu na mkia ana doa jeusi kama jicho. Wengine wana madoa mawili, matatu au zaidi. Mdomo wake umeelekea chini kwa sababu chakula chake kiko chini: kaa, kamba, samaki wadogo. Akila kwenye maji ya kina cha goti huinamisha kichwa na mkia hujitokeza juu ya maji, unapepea. Mara ya kwanza kuona mikia mitano imesimama namna hiyo alfajiri, nilikaa kimya ndani ya chombo nikasahau kabisa kurusha mshipi. Dume lake hunguruma kama ngoma wakati wa kutaga, na anaweza kuishi miaka 40.

Sheria ya Texas inakuruhusu kuchukua redifishi 3 kwa siku, wenye urefu wa inchi 20 hadi 28. Zaidi ya inchi 28 ni wale wazazi wanaotoka ghubani kwenda bahari kuu kuzaliana, na kumchukua mmoja lazima uwe na lebo maalumu ya leseni. Mashindano yamejengwa juu ya mpaka huohuo. Timu ni ya watu wawili, chambo ni bandia tu, na mnaleta kwenye mizani samaki wawili walio hai. Hawatakiwi kuzidi inchi 28 hata kwa unywele. Kwenye mashindano tunayoshiriki, samaki akifa mnakatwa uzito, mkichelewa kurudi mnakatwa uzito, na samaki akizidi urefu hahesabiwi kabisa. Kwa hiyo hushindani na wingi. Unatafuta samaki wawili tu wa inchi 27 na robo tatu, walionenepa kuliko wenzao wa urefu huo.

Kwa mtu aliyekulia kuhesabu tenga, hilo lilinichukua muda kulikubali moyoni. Mama aliniuliza kwa simu, "Mwanangu, umevua samaki kumi ukawaachia wote? Kwani hapo kwenu hamli?" Nikamweleza kwamba tunakula, lakini siku nyingine. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi wawe wengi huko." Ni kweli ni wengi, na wingi huo una historia yake. Miaka ya 1980 pishi la redifishi wa kuunguzwa kwa viungo, alilolipa umaarufu mpishi Paul Prudhomme wa New Orleans, lilipendwa nchi nzima kiasi cha kuwamaliza samaki wakubwa kwa nyavu. Texas ilikuwa imeshapiga marufuku kuuza redifishi wa porini tangu 1981, na mwaka 2007 Rais George W. Bush akatia sahihi amri ya kuwalinda kwenye maji ya serikali kuu. Nikishika samaki huyu mkononi najua nashika kitu kilichokaribia kupotea.

Sasa mwenzangu. Tulikutana mwaka 2017 kwenye harusi kusini magharibi mwa Houston, meza ya nyuma, wote wawili tumechoka na muziki. Yeye ni mtu wa Uvira, Kongo. Amekulia Ziwa Tanganyika akivua ndagala na mukeke kwa taa usiku wa giza. Hakuwahi kuonja maji ya chumvi hadi alipofika Marekani. Mimi mtu wa pwani nilijiona mwalimu wake. Tulichanga fedha tukanunua boti ya mkono wa pili, futi 17, ya chini bapa, yenye injini ya farasi 60, na mwaka 2019 tukajiandikisha mashindano yetu ya kwanza.

Niliichagua tarehe kwa mwezi mpevu. Nikamwambia, "Kaka, siku hiyo maji yatajaa hadi ndani ya majani. Samaki watapanda nayo." Tukaenda kwenye kona niliyoipenda, ndani kabisa ya majani yanayoota kwenye maji ya chumvi. Maji hayakupanda. Yalikaa palepale asubuhi nzima kama yamewekwa kwenye beseni. Tulirudi mizani bila samaki hata mmoja.

Kosa langu nalijua leo. Ndani ya ghuba za Texas tofauti ya maji kujaa na kupwa mara nyingi haifiki nusu mita, na siku nyingi maji hujaa mara moja tu badala ya mara mbili kama kwetu. Ghuba ni pana, zina kina kifupi, na zimetenganishwa na Ghuba ya Meksiko na visiwa virefu vya mchanga vyenye milango michache. Mwezi unavuta, lakini mlango ni mwembamba. Kinachoyahamisha maji kweli ni upepo. Upepo wa kusini mashariki ukivuma siku tatu unayasukuma maji ya bahari kuingia ghubani hadi yanafunika majani. Upepo mkali wa kaskazini ukifika, unayafagia yote nje.

Aliyeliona hilo ni mwenzangu. Jioni ile, tukiwa tunaosha boti, alisema kwa utaratibu wake: "Ndugu, mwezi haina kazi hapa. Upepo njo inasukuma maji." Kwao ziwani hakuna kupwa wala kujaa, kuna upepo tu, na mvuvi wa Uvira anajua ufuo gani utakuwa na maji ya baridi kwa kuangalia upepo wa juzi. Mimi nilikuwa nimeufunga ukurasa huo kwa kudhani kila maji ya chumvi ni ya mwezi. Sikumkubalia siku hiyo. Nilimkubalia mwaka uliofuata, baada ya kupoteza mara mbili tena.

Moja ya hizo mbili naieleza kwa sababu itamsaidia mtu. Tulikuwa na samaki mnene, tukampima sisi wenyewe: inchi 27 na sehemu saba za nane. Kwenye ubao rasmi, mdomo umefungwa na mkia umebanwa kama sheria inavyotaka, akasoma 28 na robo. Hakuhesabiwa. Futi yetu ilikuwa ya kubandika, nami niliibandika juu ya kifuniko cha sanduku la barafu ambacho hakijanyooka. Tangu siku hiyo tuna ubao mgumu wa kupimia wenye ukingo wa mdomo, na samaki akigusa 27 na sehemu saba za nane tunampima mara tatu, kila mmoja kwa zamu, bila kusema namba hadi wote tumemaliza.

Baada ya hapo tulianza daftari. Kila tukienda majini, hata kwa kuvua kitoweo tu, tuliandika upepo wa siku tatu zilizopita, kimo cha maji kwenye nguzo za gati, na samaki walikuwa wapi. Februari 2021 ikaja baridi ambayo sitaisahau. Maji ya kina kifupi yaliganda kingo, na idara ya wanyamapori ya Texas ilikadiria samaki wasiopungua milioni 3.8 walikufa pwani yote. Kule Port Aransas mikoko ilikauka ikawa kahawia. Miti hiyo ni ndugu wa mchu wetu, hata mizizi yake ya kupumulia imesimama matopeni vilevile, na nilipoiona imekufa nilijisikia kama nimefiwa kijijini. Mwaka ule hatukushindana. Tulikwenda, tukaangalia, tukaandika.

Jambo jingine tulilolijifunza kwa kuangalia wazoefu: siku za kukagua eneo kabla ya mashindano, usiwaguse samaki. Ukimnasa Alhamisi, Jumamosi hali. Sisi tunazima injini, nasimama nyuma na upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo, mwenzangu anasimama mbele na miwani inayokata mng'ao wa maji, na tunawahesabu kwa macho. Hapo ndipo elimu ya Kilwa ilipopata kazi. Wengi hapa wanasukuma kwa mota ndogo ya umeme, ambayo husikika chini ya maji. Upondo ukiutia polepole na kuutoa bila kuchapa hausikiki. Tena sheria ya Texas tangu 2013 inakataza kung'oa nyasi za baharini kwa panga za injini pwani yote, na kwenye eneo la Redfish Bay katazo lilianza mapema zaidi, 2006. Ninaiunga mkono kwa moyo wote. Bila nyasi hakuna kamba, na bila kamba hakuna redifishi.

Jambo la mkizi nililijua bila kufundishwa. Hasira za mkizi furaha ya mvuvi, tulisema nyumbani, na kule Texas mkizi anarukaruka vilevile. Kundi la mkizi likiwa limetulia, pita. Likiwa na wasiwasi, linageuka ghafla pamoja, chini yake kuna anayewinda.

Basi Oktoba 2023. Mashindano yalianzia upande wa Aransas. Siku nne kabla yake upepo wa kusini mashariki ulivuma bila kupumzika, maji yakajaa hadi kwenye mizizi ya mikoko, na kila timu tuliyoiona siku za ukaguzi ilikuwa ndani kabisa. Ijumaa usiku hali ya hewa ikasema upepo wa kaskazini utaingia alfajiri. Mwenzangu alifungua daftari, akaniwekea kidole kwenye kurasa tatu tofauti. Zote zilisema kitu kimoja: upepo ukigeuka kaskazini baada ya maji mengi, vihori, yaani mikono midogo ya maji inayoingia majanini, vinamwagika, kaa na kamba wanakokotwa nje, na redifishi wanasubiri mdomoni mwa kihori, vichwa vimeelekea mkondo.

Hatukuingia ndani na wenzetu. Tulifunga upondo matopeni mita kama 30 kutoka mdomo wa kihori kimoja, tukakaa. Saa moja asubuhi hakuna kitu. Saa mbili hakuna kitu. Nilitamani kuondoka, naye akasema tu, "Tungoje." Saa tatu upepo ulikaza, na nikaona majani madogo yaliyokufa yanaanza kutoka kihorini, kwanza moja moja, kisha kama msafara. Dakika ishirini baadaye maji mdomoni yalianza kuvimba kwa migongo.

Tulitumia chambo bandia cha umbo la kijiko, cha rangi ya dhahabu, chenye ndoana iliyokingwa isinase nyasi. Unakirusha juu ya mkondo, unakiacha kishuke na maji, unakunja mshipi polepole tu. Wa kwanza alikuwa inchi 25. Wa pili 29, tukamwachia papo hapo. Tulinasa kumi na mmoja. Wa sita alikuwa 27 na nusu, tumbo limejaa kaa hadi ulihisi magamba yao ukimpapasa. Wa kumi alikuwa 27 na robo tatu.

Hapo tukakumbuka maji. Upepo uliotuletea samaki ulikuwa unatuondolea njia. Fungu tulilopita alfajiri lilikuwa limeanza kuchungulia. Kuwasha injini ni kung'oa nyasi, na pengine ni kukwama kabisa. Tuliruka, tukashuka hadi magotini tukiburuza miguu ili tusimkanyage samaki taa, yeye akavuta kamba ya mbele, mimi nikasukuma nyuma, na baada ya hapo nikapiga upondo kama nusu saa hadi mkondoni. Samaki walikuwa kwenye tangi lao, pampu inazunguka, kila dakika kumi mmoja wetu anafunika mwanga kwa kanga ya mke wangu iliyoloweshwa.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika tisa. Ubao ukasema 27 na nusu, na 27 na robo tatu. Mizani ikasema ratili 16.3, wote wawili hai. Tukawa wa nne kati ya timu 38. Fedha tulizopata zililipa ada, petroli na matairi mawili mapya ya trela, na bado kidogo ikabaki.

Walipoturudishia samaki, mwenzangu aliomba awaachie yeye. Alipiga magoti kwenye ngazi ya gati, akamshika mkubwa chini ya tumbo na karibu na mkia, akawa anampeleka mbele ili maji yapite matamvuani. Alikaa naye muda mrefu. Kisha mkia ukapiga mara moja, ukamrushia maji usoni, na doa jeusi likapotea kwenye kijani. Nilimpigia mama simu palepale. Kilwa ilikuwa tayari usiku. Akauliza uzito, akauliza nani aliyesukuma upondo, kisha akauliza mwezi ulikuwa wa ngapi.