Mstari mmoja wa vyanzo vya apt ulionikwamisha jioni nzima

Debian 12, yaani bookworm, toleo la mfumo endeshi wa Linux uitwao Debian, ilipotoka Juni 2023, kompyuta yangu bado ilikuwa na Debian 10, yaani buster. Debian haitaki mtu aruke toleo, kwa hiyo ilinibidi nipande ngazi moja moja: kwanza bullseye, ambayo ni ya 11, ndipo bookworm.

Nilianza kwa kunakili faili ya /etc/apt/sources.list, inayoorodhesha vyanzo ambako apt, programu ya kusakinisha vifurushi, hupakulia, na kuiweka nakala pembeni. Hatua hii usiiache hata kama una haraka. Kisha nikabadilisha kila palipoandikwa buster pawe bullseye, nikaendesha apt update.

Mistari mingine ikapita vizuri. Wa masasisho ya usalama ukagoma: kosa 404 (kitu hakikupatikana), faili ya Release, yaani orodha ya vilivyomo kwenye chanzo, haipo. Nikadhani ni intaneti. Nikarudia, nikangoja, nikarudia tena, nikabadilisha hata seva ninayopakulia vifurushi. Kosa likabaki pale pale.

Mwishowe nikaacha kujaribu, nikaisoma ile anwani iliyokataa, neno kwa neno. Apt ilikuwa inatafuta bullseye/updates. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho miaka yote nilikuwa nakipita tu: neno linalofuata anwani ndani ya mstari ni njia ya folda. Apt huchukua anwani, huongeza dists, halafu neno hilo, kisha huingia humo kutafuta faili ya Release. Folda isipokuwepo, hakuna cha kusubiri. Na folda ya usalama ilikuwa imebadilishwa jina: hadi buster iliitwa buster/updates, kuanzia bullseye ikawa bullseye-security. Mkwaju (/) umeondoka, kistari (-) kimeingia, na neno lenyewe si lile tena. Ukiandika bullseye-updates napo umekosea, maana hicho ni chanzo kingine kabisa. Mstari wangu ukawa hivi:

deb http://security.debian.org/debian-security bullseye-security main

Apt update ikapita mara moja. Nikasasisha vilivyopo kwa apt upgrade, nikamalizia na apt full-upgrade, nikawasha mashine upya.

Kwenda bookworm nilikuwa makini zaidi. Vyanzo vya watu wengine vilivyomo kwenye folda ya sources.list.d nilivizima kwanza kwa kuweka alama ya # mwanzoni mwa kila mstari. Halafu nikaongeza neno non-free-firmware baada ya main, kwa sababu kuanzia toleo hilo firmware nyingi (programu ndogo zinazoendesha vifaa), pamoja na firmware-iwlwifi inayoendesha Wi-Fi yangu, zilitolewa kwenye non-free, sehemu ya programu zisizo huria, na kuwekwa huko. Bila neno hilo kifurushi cha zamani kingebaki kwenye mashine bila kupata masasisho, na huenda nisingegundua kwa muda mrefu.

Nilipomaliza niliandika apt policy firmware-iwlwifi, amri inayoonyesha kifurushi kinatoka chanzo gani. Chanzo kilichoonyeshwa kilikuwa bookworm/non-free-firmware, ndipo nikaondoa # kwenye vile vyanzo vingine, kimoja kimoja, nikiangalia kwanza kama kila kimoja kina folda ya bookworm.